Jinsi ya Kurudi Mikono Mitupu na Mbwa Wote Wazima

Ndugu yangu, sogea hapa. Umehamia Texas, umepata rafiki mwenye pikapu na mwenyeji mwenye shamba, na uani kwako kuna mbwa wawili wa miezi minane wanaotafuna viatu. Unataka kuwapeleka kwa nguruwe mwitu Jumamosi hii. Nakuelewa. Kila afugaye mbwa huona wake ni simba. Basi nikunong'oneze jambo ambalo wawindaji hulisema usiku tu, wakiwa wamekaa nyuma ya gari na taa zimezimwa: Jumamosi hii hutapata nguruwe. Ya pili nayo huenda usipate. Kwa hiyo jifunze kukosa, na ujifunze kwa bidii, maana kuna kukosa kunakokuachia mbwa, na kuna kukosa kunakokuachia shimo la kuchimba uani.

Mimi nimewahi kulichimba. Mbwa wangu Popi alikuwa na miezi kumi, ushujaa umemzidi akili, na mkono uliomfungua kamba ulikuwa wangu. Nitakueleza mbele. Haya yote ninayokufundisha ni deni lake.

1. Mjue unayekwenda kumkosa

Kama ulikulia kwenye mashamba ya mihogo au mahindi, nguruwe unamfahamu: ndiye aliyetulaza juu ya dungu tukigonga madebe mpaka alfajiri. Wa Texas ni ukoo mwingine. Ni nguruwe wa kufugwa aliyerudi porini na kuchanganya damu na nguruwe mwitu wa Ulaya. Columbus aliwafikisha visiwa vya Karibi mwaka 1493. Hernando de Soto akashuka nao Florida mwaka 1539. Waliotoroka wakazaana. Kisha katika miaka ya 1930 wenye ranchi wa Texas wakataka mnyama mkali zaidi wa kuwinda, wakawaagiza wale wa Ulaya na kuwaachia porini. Wajukuu wao ndio wanaofukua mashamba leo usiku. Jimbo hilo peke yake linakadiriwa kuwa na nguruwe mwitu zaidi ya milioni mbili. Jike hushika mimba kabla hajatimiza mwaka, huibeba siku kama 115, na mara nyingi huzaa watano au sita.

Kwa hiyo liondoe mapema wazo kwamba wewe na mbwa wako mnakwenda kuwamaliza. Wataalamu wa kilimo wa huko husema ni lazima kuondoa karibu theluthi mbili ya nguruwe kila mwaka ili idadi isiongezeke tu, na kazi hiyo hufanywa na mitego mikubwa ya uzio inayofungia kundi zima kwa mara moja. Mbwa wanaitwa kwa ajili ya wale wajanja waliokataa kuingia mtegoni. Hilo likutue mzigo mabegani. Shamba la mwenyeji wako halitaangamia kwa sababu ya Jumamosi yako, kwa hiyo huna sababu ya kumtoa mtu wala mbwa kafara.

Sasa mwili wake. Macho ni hafifu, pua ni ya ajabu. Dume ana chonge nne, na zile mbili za juu huzisaga za chini kila anapofunga mdomo, kwa hiyo visu vyake vinanolewa mchana kutwa. Mabegani ana ngao, tabaka nene na gumu chini ya ngozi, linalomkinga anapopigana na madume wenzake. Hukata kwa kurusha kichwa juu, na kinachokuwa juu ya kichwa chake wakati huo ni shingo, kifua au tumbo la mbwa. Jike yeye huuma. Mbwa mchanga hajui lolote kati ya haya, na hakuna namna ya kumweleza.

2. Gawa kazi kabla ya kugawa sifa

Kuna mbwa wa kubweka na mbwa wa kukamata. Mbwekaji humtafuta nguruwe kwa harufu, humzunguka, na humzuia asiondoke kwa kelele na macho. Mkamataji hukaa kwenye kamba mpaka dakika ya mwisho, ndipo huachiwa aende kumshika sikio na kung'ang'ania. Kwa kubweka watu wa huko hupenda Catahoula, ambaye tangu 1979 ndiye mbwa rasmi wa jimbo la Louisiana, au Black Mouth Cur. Kwa kukamata huwa na American Bulldog au chotara wake.

Wako, awe wa mbegu yoyote, aanze akiwa amesimama kando anabweka. Usimtume mtoto kukamata. Wakamataji wengi hawafunguliwi kamba kabla ya mwaka mmoja na nusu au miwili, mwili ukishajaa na akili ikishatulia.

Hapa ndipo utakapojaribiwa, na nakuonya kwa upendo. Mbwa anayeruka na kung'ata huwapendeza sana watazamaji. Anayebweka hatua nne kando huonekana mwoga. Jifunze kumpenda huyo wa hatua nne. Akibaki pale, nguruwe husimama amtazame. Akisogea na kumng'ata, nguruwe hukimbia au hukata, na kwa vyovyote umepoteza. Shemeji yako akibisha, mpeleke Winnfield, Louisiana. Tangu 1995 hufanyika huko mashindano yenye jina la Earl Long, gavana wa zamani aliyependa kuwinda nguruwe, na mbwa hupewa alama kwa kumzuia nguruwe mahali pamoja kwa sauti na macho. Atamwona huyo unayeambiwa ni mwoga akiondoka na kombe.

3. Danganya, na uanze mapema

Hapa ndipo penye njia ya mkato, na ni ya halali kabisa. Mbwa mchanga hahitaji ushujaa. Anahitaji kumbukumbu ya ushindi, na kumbukumbu hiyo unaweza kumtengenezea.

Tafuta mfugaji mwenye kijinguruwe cha kilo kumi na tano hivi, kilichopimwa magonjwa, ndani ya uzio wa duara. Ingiza mbwa mmoja tu. Wewe simama karibu na mlango, kimya. Mwache anuse hewa, arudi nyuma, asogee. Siku hiyo atabweka mara moja kwa mshangao, kisha atakutazama. Msifu kwa sauti ya chini. Atabweka tena. Akifika mara ya nne au ya tano, na mkia umeanza kusimama, mbebe umtoe nje. Ndiyo, mtoe wakati huohuo anaotaka kuendelea. Usiku atalala akiota kwamba alikuwa karibu kushinda, na wiki ijayo ataufikia uzio kabla yako. Dakika mbili zinatosha. Kumi zinaharibu.

Kijinguruwe nacho kisiumizwe wala kisichoke. Mnyama aliyechoka hana la kumfundisha mbwa, na mnyama anayeteswa ili watu wacheke ni dhambi ya mwenye uzio.

Akigeuka kutaka kukimbia, fanya hivi: mwite kwa jina lake kabla hajamaliza kugeuka. Mwite kwa furaha, kana kwamba ulikuwa unamsubiri. Akija, mpe kipande cha nyama na sifa. Sasa hakukimbia, aliitwa na akaitika. Wewe unajua ukweli na hutamwambia. Nimeona mbwa wa kike mwenye woga aliyefunikwa hivi mara tatu, na mwaka uliofuata alisimama mbele ya dume zima dakika arobaini bila kupepesa. Wakubwa walisema samaki mkunje angali mbichi. Hawakusema umvunje.

4. Azima mzee

Tafuta mtu mwenye mbwa wa miaka sita au saba, mwenye makovu na asiye na haraka. Mwombe mwende pamoja. Beba mafuta ya gari lake, beba kahawa, beba chochote, lakini mzee huyo asikose. Mfungulie pamoja na mbwa wako mmoja. Wawili wachanga wakifunguliwa pamoja hufundishana michezo, na usiku unaisha mkiwafuata kwenye nyayo za kulungu.

Mzee atanusa, atatafuta, atampata. Mtoto atafika mwishoni akidhani ni yeye aliyempata. Mwache adhani hivyo. Mzee haoni wivu. Kama binadamu wangekuwa hivyo, semina nyingi zingekuwa fupi.

5. Ya nyumbani, haraka haraka

Ruhusa kwanza. Tangu Septemba 2019 huhitaji leseni ya kuwinda nguruwe mwitu kwenye ardhi ya mtu binafsi Texas, mradi mwenye ardhi amekubali. Lakini pua ya mbwa haisomi uzio. Mpigie jirani wa upande wa pili kabla ya giza, umwambie mbwa wakivuka utawafuata bila bunduki. Na nikuombe: somo hili lisipande ndege nawe kurudi nyumbani. Kenya imefunga uwindaji tangu 1977, na Tanzania huingii porini kuwinda bila kibali.

Valisha kila mbwa kola ya GPS, na ujaribu betri mwenyewe. Mbwa wengi wa kuwinda huuawa na magari, mbali na nguruwe yeyote. Fulana ngumu ya kinga ni nzuri kwa mkamataji, lakini humzidishia joto mbwekaji anayekimbia kilomita nyingi. Kwake mkanda mpana wa shingoni hutosha. Beba maji mengi kuliko unavyodhani. Mbwa hana jasho la kumpoza kama sisi, hutegemea kuhema. Akianza kuyumba na ulimi umepanuka, mwagie maji tumboni na mapajani, mpepee, na usiku huo umekwisha. Nenda miezi ya baridi. Julai waachie nguruwe wagaegae matopeni kwa raha zao.

Na simama upepo ukikupiga usoni. Ukikupiga kisogoni, mmeshamkosa kabla hamjafungua mlango wa gari.

6. Kukosa kwenyewe

Huu ndio moyo wa somo. Umezima gari. Mzee ametokomea kichakani, mtoto nyuma yake. Usiongee. Usivute sigara ya wasiwasi. Sikiliza.

Mbwa akimkuta nguruwe amesimama, mbweko huwa mfupi, mzito, wa mapigo yaliyo sawa, na hutoka mahali pamoja. Nguruwe akivunja na kukimbia, mbweko hunyooka na kutembea. Utausikia ukipita nyuma ya miti kama treni. Ukisimama tena, wamemsimamisha tena. Sauti ya mtoto utaijua, ni nyembamba na ina pupa. Wewe mfuate huyo kwa sikio, mzee atajitunza.

Sasa zishike sababu za kuacha, na uziamue ukiwa bado kwenye gari, kabla damu haijachemka. Sauti ikielekea barabara kuu, acha. Nguruwe akiwa ameegemeza makalio kwenye kichaka cha miiba ambamo mbwa hawana pa kurudi nyuma, acha. Mzee akibweka kwa mbali isivyo kawaida yake, ujue ameona dume ambalo aina yake anaijua, na anakwambia kwa lugha yake. Acha. Na sauti nyembamba ikikatika ghafla, usingoje hata pumzi moja.

Kuacha nako kuna ufundi, na ufundi huo hujengwa jikoni. Miezi mitatu kabla, kila unapoweka chakula, bonyeza mlio wa kola au piga pembe. Mlio, chakula. Mlio, chakula. Mpaka mlio uwe na harufu ya ini la kukaanga. Usiku huo ukibonyeza, mtoto ataacha dume akimbilie kwako. Utamfunga kamba, utampa nyama, utamwita mfalme. Naye atapanda garini akijua kwamba kazi ya nguruwe humalizika kwa sherehe.

Ila bonyeza mapema. Ukingoja mpaka nguruwe ameshamtimua, unamwita mtu aliyeshindwa. Ukibonyeza bado anabweka, unamwita mshindi. Tofauti ni dakika tano, na dakika tano hizo ndizo zilizonishinda mimi.

Tulikuwa watu sita kandokando ya kijito. Mzee alikuwa amemsimamisha dume kwenye mizizi ya mti ulioanguka, na alikuwa anabweka kwa mbali sana. Nilisikia. Nilielewa. Popi alikuwa mkononi mwangu, anatetemeka kwa hamu, na mtu mmoja akauliza huyo mdogo wako ni wa mapambo? Hakuuliza kwa ubaya. Niliinama nikafungua kamba. Alikwenda moja kwa moja, kama alivyokwenda kwa kila kitu maishani mwake. Nilisikia sauti yake mara tatu.

Kwa hiyo nakupa maneno nisiyokuwa nayo usiku ule. Yajifunze yatoke yenyewe, kama salamu. Mtu akiuliza mbona humfungui, sema: "Huyu usiku huu amekuja kusikiliza." Akisisitiza, sema: "Ameshamaliza kazi yake." Akicheka, cheka naye, huku kamba umeizungusha mkononi mara mbili. Kiburi chako kinahitaji pa kukaa usiku huo, nami sikukatazi kuwa nacho. Kikalishe hapo, kwenye kamba. Ringa kwamba wewe ndiye pekee mwenye mbwa anayeitika usiku wa manane dume likiwa mbele yake. Hilo wengi hawana.

7. Ikitokea mkampata

Hutokea. Mzee ni hodari, nguruwe ni mdogo, mahali ni peupe. Basi wafunge watoto kamba kwanza, wote, ndipo mkamataji aachiwe. Risasi isipigwe mbwa wakiwa wamemzunguka. Mwenye uzoefu humwendea nguruwe kwa nyuma, humshika miguu ya nyuma na kumlaza, na kisu huingia nyuma ya bega la kushoto mara moja, bila maonyesho. Wewe usiku wako wa kwanza shika tochi. Kushika tochi vizuri ni heshima.

Watoto waletwe wanuse, wabweke, wasifiwe, waondolewe. Wasionje. Nguruwe mwitu wengi wana virusi vya ugonjwa uitwao Aujeszky, ambao kwa kawaida haumshiki binadamu lakini humwua mbwa, na hauna tiba. Nyama mbichi ni njia yake mojawapo. Binadamu naye ana wake: bruselosi, unaoingia kwa damu kupitia mikwaruzo. Vaa glavu unapopasua. Wanaokula wapike mpaka katikati ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Kama dini yako haikuruhusu, mwachie mwenyeji, naye atakukumbuka msimu ujao.

8. Nyumbani wanapouliza

Watauliza tu, na simu zitalia. Usizushe dume la kilo mia mbili lililowaponyoka, kila mwindaji analo hilo na hakuna anayeamini. Simulia ulichosikia. Eleza mbweko ulivyosimama, ukatembea, ukasimama tena ng'ambo ya kijito. Iga sauti. Eleza mtoto alivyorudi gizani macho yakimeremeta, akakuletea pua yake iliyolowa. Watu watasogeza viti. Mwenye nguruwe ana nyama, na nyama huisha Jumatatu.

9. Asubuhi

Amka kabla ya wengine. Mlaze kila mbwa ubavu, upitishe vidole taratibu dhidi ya manyoya: shingoni, kwapani, kifuani, kati ya mapaja. Tundu la chonge huwa dogo juu na refu ndani, na manyoya hulificha. Ukilipata, lisafishe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, usilizibe, na umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Tazama nyayo kama zina miiba. Tazama rangi ya ufizi. Uliopauka ni habari mbaya. Kwa siku kadhaa zijazo, mbwa akianza kujikuna kama mwenye wazimu na kutokwa na mate, usingoje kesho.

Kisha weka chakula na ubonyeze mlio. Akija mbio na kumaliza bakuli, mfungulie uani. Atakwenda kutafuta kiatu. Mwachie.